Wimbo Niliouokota Katogota

Mmeniomba niandike namna kazi ilivyokuwa, ninyi mnaokuja kila Jumamosi kupiga nyuzi katika sebule yangu hapa mtaa wa Songo, Uvira. Nimekubali kwa sababu kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto kimegoma tangu mwaka jana, na mtu asiyepiga tena lazima atafute njia nyingine ya kuwasumbua wenzake. Sitaeleza vyeti nilivyopewa wala majumba makubwa niliyopigia. Majumba makubwa yanafanana yote: viti vyekundu, choo cha mbali, na mtu mmoja mwenye funguo ambaye hajulikani alipo.

Nilianza nikiwa na miaka kumi na saba, parokiani. Kikundi chetu kilikuwa na fidla sita, na violonseli moja, ile fidla kubwa ya sauti ya chini, iliyosimama pembeni mwa sakristia, imefunikwa kitambaa cha altare kilichochakaa. Frère, yaani bruda wa parokia aliyetufundisha, alichagua wapigaji kwa kuangalia mikono. Alipoona yangu, iliyokuwa imelima mihogo ya mama tangu utoto, alisema, "Weye utakaa." Hakueleza kukaa maana yake nini. Wenzangu wa fidla walisimama, mimi nikapewa kiti, na kile chombo kikubwa nikakikumbatia kwa magoti. Mama alikuja kusikiliza Jumapili ya kwanza. Juu ya sauti hakusema lolote. Alisema tu nitafute sketi ndefu zaidi.

Siku ya kwanza yenyewe nilipiga noti moja kwa muda wa saa mbili. Frère alikuwa ameketi akisahihisha madaftari ya katekisimu, na kila noti ilipotetemeka aliinua kalamu bila kuinua kichwa. Nilipomwuliza nitapiga wimbo lini, alijibu, "Kwanza upige mbao. Wimbo utakuja wenyewe." Ulikuja baada ya miezi mitano.

Kuhusu vifaa, hili ndilo jambo mnaloniuliza mara nyingi, basi nitalieleza mara moja. Uvira hapakuwa na duka la nyuzi. Uzi wa tatu ulipokatika niliweka waya wa breki ya baiskeli, ukafanya kazi kwa miaka miwili, ingawa ulikuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Nywele za upinde zilipokwisha nilijaribu uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Msijaribu. Nailoni haishiki, hata uipake ulimbo wote wa msituni. Baridi ya Ulaya si mbaya kwa mbao, kibaya ni vyumba vyao vyenye kupashwa moto, maana mbao zinakauka na kupasuka kama midomo ya mgonjwa. Dawa yake ni kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, ndani yake kitambaa chenye maji kidogo, unakiweka chini ya shingo ya chombo ndani ya sanduku lake. Fundi mmoja mzungu aliniuliza kifaa kile nimekinunua wapi. Nilimwambia ni cha Congo, naye akaandika.

Kutoka kanisani nilitolewa na upepo. Tulikuwa tunapiga kwenye harusi karibu na ziwa, mchana, na upepo wa saa nane ulizoa karatasi zetu zote za muziki ukazitupa majini. Fidla zote sita zilinyamaza. Mimi niliendelea. Sikuwa nakumbuka kilichoandikwa, kwa hiyo nilipiga kingine, kisha kingine tena, mpaka bibi harusi alipofika mahali pake. Upande wa pili wa uwanja palikuwa na bwana mmoja mpiga saksafoni aliyekodiwa kwa ajili ya dansi. Alikuja akaniuliza, "Nani alikufundisha kutosimama?"

"Hakuna," nikamwambia. "Nilisahau kusimama."

Huyo alikuwa Kizito. Alikuwa amepiga miaka mingi kwenye orkesta za baa kule Bujumbura, na alikuwa amechoka kurudia nyimbo zilezile kwa watu wasiosikiliza. Alitaka kupiga muziki usioandikwa, unaobuniwa papo hapo mbele ya watu, wenye kuchukua kutoka kila upande: dansi, kwaya, kelele za mashine ya kusaga, wito wa wachuuzi. Alikuwa anatafuta mtu wa sauti ya chini. Nilikwenda kwake kwa repetisyo, yaani mazoezi, Jumanne moja, na kwa namna fulani sikurudi kanisani isipokuwa kusali.

Kizito alikuwa mwalimu mkali asiyeamini mafundisho. Kosa langu la kwanza lilikuwa kumfuata. Akipanda, nilipanda, akipunguza, nilipunguza. Alisimamisha saksafoni akasema, "Bea, minye nikienda Kavimvira, weye enda Kalundu. Tutakutana soko. Tukiongozana njia mzima, tutakuwa na nini ya kuongea?" Ninyi mnaojua mji huu mnajua Kavimvira iko kaskazini na Kalundu kusini. Sijapata kusikia maelezo bora ya muziki wa kubuni, na nimekaa kwenye semina nyingi.

Kanuni yake ya pili ilikuwa fupi zaidi: "Okota." Alisema muziki hauna mwenyewe, uko njiani kama mawe, na mwenye kazi ni kuinama tu. Niliiamini kanuni hiyo kwa miaka mingi. Nilikuwa nainama vizuri.

Tulisafiri. Kwanza Bujumbura, kisha Bukavu, Kigali, Kampala, na hatimaye Ulaya, karibu kila mwaka. Afisa wa forodha pale mpakani alitaka violonseli iandikishwe, na fomu yake ilikuwa ya pikipiki, kwa hiyo akadai namba ya shasi. Niliwasha tochi nikachungulia ndani ya tundu, nikaona namba kwenye karatasi ya kiwanda, nikamsomea. Aliandika, akapiga muhuri, tukavuka. Kwa miaka kumi na tisa chombo changu kilivuka mpaka kwa namba hiyo ya shasi. Baadaye niligundua ilikuwa namba ya simu ya kiwanda. Ndani ya ndege kilikaa kwenye kiti kando yangu, kimefungwa mkanda, na tiketi yake iliandikwa Bwana Violonseli. Mhudumu mmoja aliniuliza kama bwana anakula. Nikasema anakula. Nilikula sahani zote mbili.

Miaka ya vita sitaieleza. Wengine wameieleza, na mimi sehemu kubwa nilikuwa nimeweka chombo chini ya kitanda.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Mambo mengine yote yaliyoko hapa mngeweza kuyapata kwa Kizito, naye angeyasimulia kwa kuchekesha zaidi.

Mwaka mmoja tulipata mpango wa kupiga katika vijiji vya bonde la Ruzizi. Tulipofika Katogota gari letu liliharibika, na Kizito akaondoka na dereva kwa pikipiki kutafuta kipuri. Mimi nilibaki na vyombo pembeni mwa uwanja wa kuanikia mpunga. Hapo alikuwapo mama mmoja akipepeta. Alinipa kigoda na kikombe cha maji, akaniambia jina lake ni Mama Feza, kisha akarudi kwenye ungo wake. Wakati anapepeta alikuwa anaimba kwa pua, mdomo umefungwa, sauti tano tu zikipanda na mbili zikishuka, polepole, tena na tena. Hazikufanana na wimbo wowote niliojua, wa kanisani wala wa shambani.

Nilisikiliza karibu saa nzima. Mwishowe nikamwuliza, "Mama Feza, ni wimbo gani huu?"

Ungo ulisimama. "Si wimbo," akasema. "Ni kitu tu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu, mama." Akaendelea kupepeta, lakini hakuimba tena.

Angalieni vizuri mahali hapo, kwa sababu mimi sikupaangalia. Mtu alikuwa ameniambia hapana kwa adabu yote ya nyumbani kwake, na mimi nilisikia kwamba kitu kile hakina jina, basi hakina mwenyewe. Wakati Kizito anarudi na kipuri, vidole vyangu vilikuwa vimeshakiweka kwenye uzi wa pili, chini, na kukifanya kizito zaidi. Tulipiga kijijini jioni ileile kabla jua halijazama, na pale sikukipiga. Nadhani hilo linaonyesha kwamba sehemu fulani ndani yangu ilikuwa inajua.

Nilianza kukipiga mbali. Tulikuwa tunafika katikati ya konserti, Kizito ananiachia nafasi, na mimi natoa zile sauti saba kama vile zimenijia dakika ile ile. Watu walilia. Mwanamume mmoja mwenye suti alinijia na kuniuliza nilikuwa nawaza nini wakati nabuni. Nilimjibu nilikuwa nawaza nyumbani. Hata uongo huo ulikuwa nusu. Kwa miaka minne hatukuwa na konserti bila sauti zile saba, na tuliporekodi diski, zilikaa mwisho, dakika sita nzima. Jina nililoandika lilikuwa "Iliyobuniwa".

Diski ilipofika Uvira, redio ya mtaani waliipenda. Mtangazaji, jirani yangu, aliitangaza kwa furaha kubwa: binti wetu wa Songo, ametunga papo hapo, bila karatasi. Nilikuwa jikoni nikasikia, nikaongeza sauti.

Siku iliyofuata asubuhi mtu aligonga. Nilimfungulia mama mwenye kifurushi cha nguo mkononi, na ilinichukua muda kumtambua bila ungo.

"Karibu, mama."

Hakuingia. "Mama Bea, siku ile uliniuliza ni wimbo gani. Minye nilikuambia nini?"

"Uliniambia si wimbo. Ni kitu tu."

"Basi. Sasa kile kitu kiko ku redio."

Nilimleta ndani. Alikaa ukingoni mwa kiti, kifurushi magotini, akanieleza bila kupandisha sauti. Kabla ya Feza alikuwa na mtoto wa kwanza, mvulana, jina lake Shukuru. Alifariki kwa homa ya siku tatu akiwa na miaka saba. Baada ya mazishi mume wake alikataza jina lile litajwe nyumbani. Hakukataza kwa ukali, alisema tu hataweza. Watu walikoma kumwita yule mama Mama Shukuru, na Feza alipozaliwa wakapata jina jingine la kumwita. Kilichobaki kilikuwa zile sauti saba, ambazo aliziimba mdomo umefungwa, kwa sababu mdomo uliofungwa haujavunja katazo lolote.

"Jana tulikuwa tunakula," akasema. "Redio inapiga muziki yako. Mume wangu akaweka kijiko chini. Akaniuliza, 'Nani alikutuma umupeleke mutoto wangu inje?' Nikamuambia, sikumupeleka. Akasema, 'Anatembea aje mu redio, kama haukumupeleka?' Akasema nikitoka shamba nisikukute humu ndani."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Nimuambie nini? Niko naimba pole pole miaka kumi na mbili. Nilikuwa najua hasikii."

Alikuwa anakwenda kwa dada yake Kavimvira. Hakuwa amekuja kugombana nami. Alikuwa amekuja kuuliza jambo moja, akaliuliza: je, siku ile uwanjani, alikuwa ameniambia jina la mtoto bila kukumbuka? Tangu jana alikuwa anajichunguza mwenyewe, kama mtu anayetafuta alipodondosha ufunguo.

Nilimwambia hakuniambia chochote. Nilimwambia nilichukua.

"Basi, umuambie yeye," akasema, akasimama.

Nilivuka mpaka siku hiyohiyo nikaenda Bujumbura kwa Kizito, kwa maana nilitaka twende Katogota pamoja. Majina yetu sote wawili yalikuwa kwenye diski. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa saksafoni.

"Bea," akasema, "minye nimeokota miaka makumi tatu. Nimeokota kwa Waganda, kwa wamisionari, kwa walevi. Hakuna mutu alikuja kuniuliza."

"Huyu amekuja."

"Na wengine utawafanya aje? Ukianza kuomba ruhusa kwa kila mutu mwenye kuimba, utarudi kupiga za kanisa."

"Kizito, mwanamke amefukuzwa kwake."

"Hilo ni la mume na muke. Si la muziki." Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlijue hilo. Alikuwa ametoka kwenye muziki wa kurudia kwa jasho lake, na mtu yeyote aliyezungumzia mipaka alimsikia kama mwenye baa anayedai wimbo wa jana. Nilimwacha akipangusa.

Siku ya tatu nilikwenda Katogota na Mama Feza, niliyempitia kwa dada yake. Nilibeba violonseli. Sikuwa na sababu ya kuibeba, ila nimezoea kutotoka bila hiyo. Baba Feza alikuwa kwenye mfereji wa maji ya mpunga, anazibua tope. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye mvi kidogo, na alipotuona hakutoka majini. Mama Feza alisimama mbali, kwenye tuta. Mimi nilisogea mpaka viatu vikaingia tope.

Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani. Nilisema sehemu yake ndogo. "Baba Feza, mke wako hakuniambia kitu. Nilimsikia anaimba akipepeta. Nilimwuliza, akakataa kuniambia. Nikachukua hata hivyo, nikasema ni yangu. Sikujua habari za mtoto. Lakini nilijua amekataa."

Aliegemea jembe. Maji yalikuwa yanapita kati ya miguu yake.

"Hilo sanduku ni chombo chenyewe?"

"Ndiyo."

"Fungula. Piga, nisikie kama ni yenyewe."

Nimepiga mbele ya mabalozi. Wote walinipa kiti. Pale hapakuwa na kiti, nikaketi juu ya tuta, nikaikita ncha ya chombo kwenye udongo laini ikazama, nikapiga zile sauti saba kama nilivyozoea, uzi wa pili, upinde mrefu, polepole. Nilifika mara ya pili tu, akainua mkono.

"Hapana."

Nikasimamisha upinde.

"Si hivyo," akasema. Akatazama shamba lililokuwa mbele yake, wala si mimi, akakunja midomo akapiga mluzi. Zilikuwa sauti zilezile, tano zikipanda, mbili zikishuka, lakini haraka, kali, zimekwisha kabla hujazihesabu. Ndege walitoka kwenye mpunga.

"Ilikuwa hivyo," akasema. "Saa sita nilikuwa namuita akuje kula. Anatoka kule mwisho wa shamba, anakimbia. Weye unaipiga kama mutu anabeba muzigo. Ule mutoto alikuwa anakimbia."

Nilikuwa nimekaa miaka minne nikiwaliza watu kwa kitu ambacho kilikuwa mwito wa chakula.

Kisha akageuka upande wa tuta, akamsemesha mke wake kwa mara ya kwanza. "Na weye vilevile. Kila siku unaipunguza. Kila siku pole pole kuliko jana."

Mama Feza alishika kifurushi kwa mikono miwili. "Ulikuwa unasikia?"

"Niko na masikio."

"Miaka yote?"

"Miaka yote. Nilinyamaza juu weye ulikuwa umenyamaza."

"Minye nilinyamaza juu weye ulikataza!"

Walitazamana. Ilikuwa wazi kwamba mimi sipo tena, na nikaanza kuchomoa ncha ya chombo kutoka kwenye udongo taratibu, kwa sababu inatoa mlio. Ndipo Mama Feza aliposema, si kwa sauti kubwa, "Shukuru alikuwa anakimbia hata kama chakula hakijaiva."

Baba Feza alichomeka jembe kwenye tope. "Hata kama hakijaiva," akasema.

Alitoka majini. Alipita karibu nami akaniambia, "Hiyo, usiipige tena." Nikamwambia sitaipiga. Akachukua kifurushi mikononi mwa mke wake, wakaenda nyumbani, yeye mbele. Hakuna aliyenikaribisha, na ilikuwa haki. Nilitembea mpaka barabarani na violonseli mgongoni, ikiwa na udongo wa Katogota kwenye ncha.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Niliandika barua kwa waliotoa diski, wakajibu kwa heshima kwamba diski zimeshasambazwa. Ziko huko mpaka leo, na mtu yeyote anaweza kuzisikiliza; kuahidi si kufuta. Mtangazaji jirani yangu alielewa upesi zaidi. Alichukua msumari akaikwangua diski ya redio upande wa mwisho mbele yangu, akaniuliza kama inatosha.

Kizito nilimweleza yote. Alisema sawa. Miezi miwili baadaye tulikuwa Ulaya, kwenye ukumbi mdogo, konserti ya Jumapili mchana, watu labda mia mbili. Tulipiga vizuri. Tulipofika pale katikati nilipokuwa natoa zile sauti saba, nilitoa nyingine. Kizito alisubiri kidogo, kisha akaziweka mwenyewe kwenye saksafoni, tano zikipanda, akabakiza mbili kwa ajili yangu, kama unavyomwekea mtu mlango wazi.

Nililaza upinde magotini.

Ukimya kwenye muziki wa kubuni ni jambo la kawaida, na watu walifikiri ni sehemu ya kazi. Kizito hakufikiri hivyo. Alinitazama, mimi nikamtazama. Alirudia zile tano. Mikono yangu ilibaki pale ilipokuwa. Aliendelea peke yake, akapotea, akaokota wimbo wa dansi wa zamani na kumaliza nao. Watu walipiga makofi sana.

Kwenye chumba cha nyuma alifunga mlango. "Umeniacha peke yangu mbele ya watu."

"Nilikwambia sitaipiga."

"Uliniambia weye hautaipiga. Haukuniambia minye nisiipige."

Hilo lilikuwa kweli, na nilimkubalia. "Basi nakwambia sasa."

"Juu ya mukulima mumoja wa Katogota?"

"Ndiyo. Juu yake."

Tulirudi kwa ndege ileile, Bwana Violonseli akiwa katikati yetu. Kwa miaka miwili na zaidi Kizito alipiga na kijana wa gitaa la besi, na mimi nilipiga peke yangu. Miaka hiyo nilijifunza kuuliza. Kuuliza kunapunguza kazi. Mama mmoja muuza dagaa pale Kavimvira alinijibu hapana kabla sijamaliza sentensi, na wito wake ulikuwa mzuri kuliko vyote nilivyowahi kusikia mjini. Mwenye mashine ya kusaga alikubali mara moja, kwa sharti kwamba nitaje jina lake na jina la mashine. Niliyataja yote mawili katika miji tisa.

Kizito alirudi bila maelezo. Alinipigia simu asubuhi moja, akaniambia yule kijana wa besi anamfuata kila anapokwenda, mpaka anachosha. Nilimwuliza kuhusu zile sauti saba. "Nimezisahau," akasema. Mpiga saksafoni hasahau sauti saba, lakini nilichukua jibu hilo kama lilivyo, na hakuzipiga tena hata siku moja. Mpaka leo hakubali kwamba nilikuwa na haki. Tumepiga pamoja miaka mingine sita bila kukubaliana.

Kidole gumba kilianza kuuma wakati wa kiangazi, kikavimba, na daktari akaniambia kinaweza kushika kijiko au uzi, nichague. Konserti ya mwisho tuliifanya hapa Uvira, ukumbi wa parokia, Jumapili baada ya misa ya pili. Wengi wenu mlikuwapo, mlikaa mbele na kupiga makofi mahali pasipo pake. Nilikuwa nimetuma habari Katogota, bila kutegemea kitu. Walikuja wote wawili, wamevaa nguo za sikukuu, wakakaa safu ya nyuma karibu na mlango. Tulipiga kwa muda wa saa moja na nusu.

Baadaye watu walipokuwa wanatoka, Baba Feza alikuja mpaka nilipokuwa nafuta nyuzi. Aliiangalia violonseli kwa makini, kama ng'ombe wa mtu mwingine.

"Ile yetu haukuipiga," akasema.

"Hapana. Sikuipiga."

"Aksanti." Alifikiri kidogo. Mama Feza, nyuma yake, alikuwa ameanza kumvuta shati. "Zile zingine," mume wake akasema, "zote ni ndefu."